Vyuma vya Kale na Tupa ya Kijana

Watu wengi hudhani kuwa chuma hakifi. Mlango ukiwa wa chuma twalala usingizi, na daraja likiwa la chuma twapita bila ya kutazama chini. Lakini mkulima aliyesahau jembe lake shambani kwa msimu mmoja wa mvua za Uasin Gishu ajua kuwa sivyo. Chuma huugua, chuma huzeeka, na chuma hufa. Hufa pole pole, bila ya kilio wala matanga. Na mara nyingi kinapokufa huzikwa pamoja na habari ambazo hazikuandikwa katika kitabu chochote.

Katika insha hii nataka kukueleza, msomaji kijana, jinsi vyuma vya kale vinavyohifadhiwa, na kwa nini kazi hiyo yahitaji subira kuliko nguvu. Sitakueleza kama mtu asiyekosea. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha somo hili, na mwalimu aliyefundishwa na kosa lake ana haki ya kuwaonya wengine.

Mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu hapa Eldoret. Tuliambiwa tukusanye vitu vya kale kwa ajili ya maonyesho ya siku ya wazazi. Mimi nilikwenda upande wa Nandi, kwa mzee mmoja aliyekuwa rafiki wa jamaa zangu, naye akaniazima mkuki wa babu yake. Ulikuwa mkuki wa namna inayojulikana sana katika nchi ile: jani la chuma juu, mpini mfupi wa mti katikati, na chini yake fimbo nyembamba ya chuma yenye ncha ya kuchomekwa ardhini. Wote ulikuwa umefunikwa na kutu nyeusi nyeusi, imara kama ngozi.

Nikaona haya kuupeleka mbele ya wageni katika hali ile. Basi usiku ule nikatafuta tupa, msasa na mafuta ya taa, nikaanza kazi. Nilisugua mpaka mikono ikaota malengelenge. Asubuhi mkuki uling'aa kama kisu kilichotoka dukani. Wageni wakausifu, nami nikavimba kichwa. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Siku ile sikujua kuwa mimi ndimi niliyetia kidonda.

Nilipourudisha, mzee aliushika, akaugeuza, akapitisha kidole gumba karibu na ncha ya chini. Akanyamaza kwa kitambo. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, zile alama zimekwenda wapi?"

Nikamwambia, "Alama gani, mzee? Palikuwa na mikwaruzo tu, nikailainisha."

Akasema, "Haikuwa mikwaruzo. Ilikuwa mifuo ya boliti ya reli. Babu yangu alipompelekea mhunzi chuma kile, alimwomba asiifue yote, aache kidogo ili watoto wake wajue kimetoka wapi."

Sikuwa na la kujibu. Ile mifuo ya kuzunguka, ambamo nati hujisokota, ndiyo niliyoikata kwa tupa usiku ule nikidhani ni uchafu. Mzee hakunigombeza. Aliniambia maneno haya tu: "Jana nilikuwa na shahidi. Leo nina hadithi."

Ili uelewe uzito wa maneno hayo, msomaji, ni lazima tutazame historia ya nchi hii. Wanandi walikuwa na wahunzi wao tangu zamani, na wengi wao walikuwa na asili ya Wamaasai wa Uasin Gishu waliokuja kukaa miongoni mwao. Mhunzi alifua mikuki, majembe, kengele na mapambo kwa moto wa makaa na mivukuto ya ngozi. Chuma kilikuwa adimu, wala hakuna kipande kilichotupwa. Jembe likichakaa lilifuliwa likawa kisu, na kisu kikichakaa kilifuliwa likawa dogo zaidi, mpaka kisibaki kitu.

Kisha reli ikaja. Waingereza walianza kuijenga kutoka Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1901 ilifika Kisumu penye ziwa. Pamoja na reli zilikuja nyaya za simu. Kwa jicho la mhunzi hayo yalikuwa mavuno makubwa yaliyolala mbugani: waya wa shaba kwa mapambo, na boliti za chuma kwa silaha. Wanandi, waliokuwa wakipinga utawala wa wageni tangu mwaka 1895, wakazikata nyaya na kufungua boliti. Serikali iliuita wizi. Wao waliona ni nyara za vita dhidi ya watu waliopita katika nchi yao bila ya ruhusa. Mwaka 1900 askari walitumwa kuwapiga kwa sababu hiyo na nyinginezo, na vita viliendelea kwa vipindi. Mwisho wake ulikuja tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, alipopigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Baada ya hapo Wanandi wengi walihamishwa kutoka ardhi iliyokuwa karibu na reli. Fimbo za Koitalel zilizochukuliwa zikapelekwa Uingereza, hazikurudi Kenya mpaka mwaka 2006.

Habari hizo zimeandikwa katika vitabu, lakini vilivyo vingi viliandikwa na watu wa upande mmoja. Upande wa pili uliandika kwa nyundo. Mkuki uliofuliwa kwa boliti ya reli ni ukurasa ulioandikwa na Mnandi kwa mkono wake, bila ya kumwazima mtu kalamu. Sasa wajua nilifuta nini.

Nasi tuishio Eldoret tuna sababu ya pekee ya kuyafikiri mambo haya, kwa kuwa mji wetu wenyewe umejengwa juu ya vyuma. Ulianza kama shamba la nambari 64, na wazee wengine bado huuita Sisiti-foo. Posta ilifunguliwa mwaka 1910, na jina la Eldoret likatolewa mwaka 1912. Kuna simulizi ipendwayo sana mjini ya kwamba mwaka huo benki ilipoletwa kwa gari la ng'ombe, kasha la chuma la kuwekea fedha lilishushwa chini, likawa zito mno hata halikuweza kuinuliwa tena. Basi watu wakajenga kuta za benki kulizunguka. Hebu fikiri: kwingine nyumba hujengwa kwanza, kisha kasha likaingizwa, hapa kasha lilikaa kwanza, na nyumba ikalifuata.

Mwaka 1924 reli iliyotoka Nakuru ilifika Eldoret, baada ya kupanda mpaka karibu na Timboroa, mahali penye urefu wa futi 9,136 juu ya bahari, yaani karibu mita 2,785. Mwaka 1931 reli hiyo ilikuwa imefika Kampala. Chuma hicho ndicho kilichoufanya mji huu kuwa mji. Kilipeleka ngano na mahindi pwani, kikaleta majembe, nguo, magazeti na watu. Mataruma ya chuma, taa za stesheni, mizani ya mizigo, kengele, na vibao vilivyosubuliwa kwa jina la kiwanda na mwaka: vyote ni mashahidi. Na vyote, vikiachwa mvuani, vitakwenda njia ya jembe lile lililosahauliwa shambani.

Yafaa sasa tuujue ugonjwa wenyewe. Kutu ni nini? Chuma hakipatikani ardhini kikiwa safi. Huchimbwa kikiwa mawe mekundu, ambamo kimeungana na hewa ya oksijeni, na mhunzi hukitenga kwa moto mkali. Lakini chuma hakisahau asili yake. Kikikutana na maji na oksijeni, huanza kurudi katika hali yake ya kwanza, yaani udongo mwekundu. Kurudi huko ndiko kutu. Chumvi huongeza mwendo wake mara nyingi, na ndiyo maana vyuma vya pwani huoza upesi kuliko vya bara. Hata jasho la vidole lina chumvi. Ukilishika jani la mkuki kwa mkono mtupu, huenda baada ya siku chache ukaziona alama za vidole vyako zimeandikwa kwa kutu.

Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo ikiota ndani ya ufa hupanua ufa ule, kama mzizi wa mtini unavyopasua ukuta. Shaba nayo ina ugonjwa wake. Ukungu wa kijani ulio imara mara nyingi hauidhuru, bali huifunika na kuilinda. Lakini ukiona unga mwepesi wa kijani kibichi unaodondoka kama poda, ujue chumvi imeingia ndani na ugonjwa unaendelea.

Hapo ndipo penye jambo ambalo sikulijua mwaka ule: kutu si za namna moja. Iko kutu hai, ya rangi ya machungwa, laini, inayochafua kidole. Hiyo inakula chuma na haina budi kuzuiwa. Na iko kutu iliyotulia, nyeusi au ya kahawia iliyokolea, ngumu, iliyoshikamana na chuma. Hiyo ya pili ni kama kovu. Mara nyingi ndani yake ndimo umbo la kwanza la kitu lilimohifadhiwa: alama za nyundo, nakshi, chapa ya fundi, hata nyuzi za kitambaa kilichokifunika zamani. Mwenye kuing'oa yote ili chuma king'ae anaing'oa ngozi pamoja na vazi.

Tukitaka kuona kazi hii ikifanywa vema hatuna haja ya kuvuka bahari. Twendeni Mombasa. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu, ambayo watu wengi huiita Fort Jesus, ilipokuwa imezingirwa na Waarabu wa Oman, merikebu ya Wareno iliyoitwa Santo António de Tanná ilikuja kuisaidia, ikazama karibu na kuta za ngome. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wataalamu walioongozwa na Robin Piercy, pamoja na watu wa makumbusho ya Fort Jesus, waliizamia na kuichunguza, wakatoa maelfu ya vitu: vyombo vya udongo, mbao, mizinga na vyuma vya namna nyingi.

Mtu asiyejua angedhani kuwa chuma kikitolewa baharini kimekwisha okoka. Kwa kweli saa ile ndiyo ya hatari kubwa. Katika miaka ile yote chumvi imepenya ndani yake. Kikiachwa kikauke juani, chumvi hugeuka kuwa fuwele, hewa huingia, na mzinga uliostahimili karne tatu baharini waweza kupasuka vipande vipande kwa muda mfupi. Basi mtaalamu hukiweka majini tena. Hukitia katika birika la maji yaliyochanganywa na magadi makali yazuiayo kutu, naye huyabadilisha maji hayo mara kwa mara na kupima kila mara ni chumvi kiasi gani imetoka. Wakati mwingine hupitisha umeme mdogo ili kuiharakisha chumvi itoke. Kwa kitu kidogo kazi hiyo huchukua miezi. Kwa mzinga mkubwa huchukua miaka. Kisha chuma huoshwa, hukaushwa, na kupakwa nta ili unyevu usikifikie. Tena ona busara yao: mwili wa merikebu yenyewe hawakuutoa, bali waliuacha chini ya maji. Maana yuko mgonjwa ambaye dawa yake ni kumwacha alale.

Na vyuma vya bara, ambavyo havikuonja bahari, huhifadhiwaje? Kwanza hupimwa, huchorwa, hupigwa picha kila upande, na habari zake huandikwa, kabla ya mtu kukigusa kwa chombo chochote. Pili, vumbi na kutu iliyolegea huondolewa kwa brashi laini na kijiti cha mti, pole pole, chini ya kioo cha kukuzia. Tatu, chuma hupakwa asidi ya tanini, nayo huungana na kutu iliyobaki na kuigeuza kuwa utando mweusi wenye kuelekea buluu. Nne, hupakwa nta. Mwisho huwekwa mahali pakavu na kuangaliwa kila mwaka.

Neno hilo tanini lisikutishe. Tanini ndiyo ile dawa ya kutengenezea ngozi isioze, itokayo katika magome ya miti. Kwa miaka mingi hapa Eldoret palikuwa na kiwanda cha kuikamua kutoka katika magome ya migunga iliyoletwa kutoka Australia, miti iliyofunika maelfu ya ekari kuzunguka mji huu. Wazee wengi wa hapa waliwahi kuyabandua magome hayo au kuyapakia garini. Walijua kuwa yanaponya ngozi. Wachache walijua kuwa yaweza kuponya chuma.

Sheria moja huzitawala hatua hizo zote: usifanye jambo ambalo atakayekuja baada yako hawezi kulitengua. Nta yaweza kufutwa. Rangi ya mafuta hufutika kwa taabu. Lakini chuma kilichokatwa kwa tupa hakirudi, hata ukusanye unga wake wote sakafuni.

Huenda ukaniuliza, msomaji, "Je, vyuma vyote viachwe na weusi wake? Si vizuri kitu cha kale kikifanya kazi tena?" Swali lako ni la haki, nami nakiri kuwa wenye hekima hutofautiana juu yake. Kuhifadhi ni kukizuia kitu kisiharibike zaidi. Kufufua ni kukirudisha katika hali yake ya zamani, na pengine kukitia sehemu mpya. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, iko injini ya mvuke nambari 5918 iitwayo Mount Gelai. Ni mojawapo ya injini 34 zilizotengenezwa Manchester na kiwanda cha Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Uzito wake ni karibu tani 252. Mwaka 2001 mafundi waliitengeneza, wakaiwasha, ikatembea tena. Mtoto aliyeisikia ikipumua siku ile alijifunza jambo ambalo injini baridi haiwezi kumfundisha. Lakini kila injini ikitembea hulika, na kila kinacholika hakina budi kubadilishwa. Ukibadilisha kingi mno, utabaki na jina la zamani juu ya chuma kipya. Kwa hiyo mafundi wa kweli huandika kila kipande walichokitoa na kila walichokitia. Pale ambapo vitu vya namna moja viko vingi, kimoja chaweza kutembezwa. Pale ambapo kipo kimoja tu, kama mkuki wa yule mzee, ni afadhali kipumzike.

Hata wataalamu wakubwa hukosea. Huko Stockholm, nchini Uswidi, merikebu ya vita Vasa, iliyozama mwaka 1628, iliinuliwa kutoka majini mwaka 1961, ikafungwa kwa maelfu ya boliti mpya za chuma. Baada ya miaka mingi boliti hizo zikashika kutu, na kutu ile ikaanza kuzidhuru mbao. Tangu mwaka 2011 hadi 2018 iliwabidi waliozirithi kazi hizo wabadilishe boliti zaidi ya 5,000, moja baada ya moja, na kutia za pua isiyoshika kutu. Waliweza kulirekebisha kosa kwa sababu waliotangulia waliacha kazi inayotenguka. Kosa lisilo na njia ya kurudi ndilo la kuogopwa.

Adui wa vyuma vya kale si mvua peke yake. Mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu hula upesi kuliko kutu. Mnunuzi huyo hapimi historia, hupima kilo. Kibao cha stesheni na sufuria iliyotoboka ni mamoja kwake. Mwezi wa Januari mwaka 2022, baada ya minara ya umeme kuharibiwa, serikali ya Kenya iliipiga marufuku biashara hiyo kwa muda, na mwezi wa Mei ikaifungua tena. Nawe usiseme kuwa mtu anayefungua boliti za reli leo na kuziuza ni sawa na wale waliozifungua mwaka 1900. Wao waligeuza chuma cha adui kuwa silaha ya kulinda nchi yao; huyu wa leo anageuza mali ya nchi yake kuwa fedha ya siku moja.

Je, sheria haivilindi vitu hivi? Inavilinda, lakini kwa mpaka. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa ni kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya mwaka 1895. Sasa piga hesabu. Reli ilianza kujengwa mwaka 1896. Mikuki ya boliti ilifuliwa baada ya hapo. Kasha la benki, kwa simulizi ile, lilifika mwaka 1912, na reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Vyote hivyo vimeuvuka mpaka ule. Vyaweza kulindwa ikiwa Waziri atavitangaza, lakini havilindwi kwa umri wao tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chuma kinachosimulia habari za mji wetu imo mikononi mwa watu wa kawaida: mwenye nyumba, mwenye duka, mlinzi wa stesheni, bibi mwenye sanduku chini ya kitanda, na wewe.

Basi ufanye nini? Ukikuta chuma cha kale nyumbani kwenu, usikimbilie msasa. Uliza kwanza: kilikuwa cha nani, kilifuliwa na nani, kilitoka wapi? Andika majibu pamoja na jina la aliyekujibu na tarehe, maana wazee nao hawadumu. Kichore, ukipime. Kipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, ukiweke mahali pakavu, mbali na sakafu na mbali na jiko. Usikipake rangi, wala usikitie katika tindikali au maji ya limau kama watu wanavyosafisha birika. Ukiona unga wa machungwa au wa kijani unadondoka, waulize watu wa makumbusho. Hayo yote hayakugharimu ila daftari, kitambaa na subira.

Yule mzee angali na mkuki wake. Baada ya miaka kadhaa, nilipokwisha kuwa mwalimu katika chuo kile, nilikwenda kumwomba auazime tena kwa chumba chetu kidogo cha historia. Nilitaraji anikatalie. Alinitazama, akacheka kidogo, akasema, "Nitakupa, kwa sharti moja. Uandike yote, na lako pia."

Nimeandika. Mkuki huletwa chuoni kila mwaka kwa siku chache, hushikwa kwa glavu, kisha hurudi kwa mwenyewe. Kando yake huwekwa kadi yenye maneno haya: "Mkuki wa Nandi. Kwa maelezo ya mwenyewe, ncha ya chini ilifuliwa kutokana na boliti ya reli. Mifuo ya boliti ilionekana hadi mwaka 2011, ilipoondolewa kwa tupa na mwanafunzi wa chuo hiki." Wanafunzi wangu huisoma, kisha huniuliza ni nani mwanafunzi huyo aliyekosa akili. Nami huwajibu kuwa wanaye mbele yao, ameshika chaki.